Mtoto kamaliza fom foo, tumpeleke kolej gani? Mwongozo kamili kwa wazazi wa Lamu

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa fom foo, yakitoka hapa Amu maneno huwa ni yale yale, barazani, kwenye boti ya Mokowe, arusini, wako kapata ngapi, yuaenda wapi, na ukisha jibu "yuaenda Pwani" au "yuaenda TUM" au "kachukua KMTC", yaani vyuo vikuu viwili vya huku pwani na kolej ya serikali ya mafunzo ya tiba, basi watu wanasema mashaallah na mazungumzo yanafungwa hapo. Mi nataka tuanze pale yanapofungwa. Manake jina la chuo halikwambii huyo mtoto atasomeshwa vipi, ijumaa saa saba atakuwa wapi, wala kama huyu wako asiyeweza kutulia kwenye kiti nusu saa ataweza lekcha ya saa mbili kwenye ukumbi uliojaa watu hadi mlangoni. Hayo watu huyauliza mtoto akishafika hosteli na karo ishalipwa. Tuyaulize sasa hivi, kabla portali ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia watoto vyuo na kozi, haijafunguliwa, maana ikifunguliwa kila mtu hukimbia saiba na akili hubaki nyumbani.

Naandika zaidi kwa hawa wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao KCSE yao ya mwisho ni 2027. Wale wenu walioingia Gredi 10 hesabu yenu ni nyingine, nyinyi mshachagua mkondo kati ya STEM (sayansi, teknolojia, uinjinia na hesabu), sayansi za jamii, na sanaa na michezo, lakini ya dini na ya namna mtoto anavyosoma yanawahusu vile vile kwa hivyo msiende.

Kwanza mjue mtoto, si gredi zake

Chukua daftari, kweli daftari, na wiki mbili hivi uandike yale anayoyafanya bila kutumwa. Kuna kijana huwezi kumtoa kwenye injini ya boti ya babake, kuna binti kila arusi ya mtaa yeye ndo anapiga hesabu ya michango na haimpotei hata shilingi, kuna yule anayekaa na wagonjwa wa nyumba nzima na hachoki. Hiyo ndio data yako. Gredi zinasema anaweza kuingia wapi, hazisemi atakaa wapi.

Binti mmoja wa Langoni alipata B ya baiolojia na ukoo mzima ukaamua unesi, hata sare walikuwa washaanza kuulizia. Nikakaa naye tu kama khalati yake nikamuuliza wewe mwenyewe wasemaje, akaniambia "Khalati, mi damu siiwezi, naona kizunguzungu, lakini mamangu nitamwambiaje?" Sasa huyu angefika wodini akaanguka ingekuwa aibu ya nani? Kumbe anachopenda ni mambo ya mahesabu na stoki, na kuna njia za hayo hata ukiwa na C-, mfano ATD, diploma ya uhasibu ya bodi ya mitihani ya KASNEB, halafu ukimaliza unaendelea na CPA, uhasibu wa juu.

Muulize mtoto peke yake, si mbele ya ami zake. Muulize pia mwalimu wa darasa na ustadhi wa madrasa, ustadhi huwa anajua vitu vingi sana kuhusu namna mtoto anavyoshika mambo, ni miaka anamwona akihifadhi au akishindwa kuhifadhi. Halafu kama inawezekana mpeleke akashinde siku chache na mtu anayeifanya kazi hiyo, duka la dawa, gereji, ofisi ya wakili, jiko la hoteli Shela. Siku tatu za kushinda jikoni zinafundisha kuliko vipeperushi vyote vya wiki ya maonyesho ya vyuo.

Ngazi za kolej, haraka haraka

Digrii ni C+ kwenda juu. Diploma ni C-, ingawa KMTC diploma nyingi wanataka C kamili na masomo fulani yawe juu, baiolojia hasa. Sertifiketi ni D, na artisan, ngazi ya kwanza ya ufundi, hata mwenye E anaingia. Hapa nchini si siri watu huona artisan kama adhabu, na mi naliona hilo ni kosa kubwa, kwa sababu unaanza artisan ya umeme ukapanda sertifiketi ukapanda diploma, na njiani tayari wewe ni fundi unaingiza pesa. Mtoto aliyepata D+ akasukumwa kurudia fom foo ili tu apate jina la yunivasiti, wakati mikono yake ni dhahabu, anaibiwa mwaka.

Na tuko na mafundi wa majahazi Matondoni na wachongaji milango hapa mjini ambao hawana cheti chochote. Kuna mpango wa serikali wa kutambua ujuzi ambao mtu anao tayari, watu huuita RPL, unapimwa kwa kazi ya mikono yako na unapewa cheti. Kama kijana wako ashakuwa fundi, ulizia hilo kwanza kabla ya kumrudisha darasani kuanza na alifu.

Vyuo vyenyewe: hapa Lamu kwenyewe kuna kampasi ya TUM na KMTC. Malindi KMTC iko pia. Kilifi ni Pwani University, ile ilikuwa chuo cha kilimo zamani, ikapata chata ya kuwa yunivasiti kamili 2013. Mombasa ni TUM makao makuu, Kenya Coast National Polytechnic, Bandari Maritime Academy kwa wa bahari, na Shanzu kwa wanaotaka ualimu. Mtoto anayependa bahari kwa njia ya sayansi, samaki, matumbawe, hayo, aangalie Pwani, yule anayependa meli kama meli aangalie Bandari na TUM. Tangu gati ya kwanza ya bandari yetu ifunguliwe Mei 2021 kila mzazi anataka mtoto wa bandari, sawa, lakini bandari inaajiri pia wahasibu na mafundi umeme na watu wa komputa, si lazima wote wawe mabaharia.

Hakikisha chuo kina kibali, na kozi nayo ina kibali

Watu wengi huchapwa hapa. Yunivasiti inaidhinishwa na CUE, vyuo vya ufundi na diploma vinaidhinishwa na TVETA, na wote wawili wana orodha kwenye tovuti zao, ingia utafute jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye barua. Kisha kuna jambo la pili ambalo watu hawalijui, chuo kinaweza kuwa na leseni na kozi ikawa haitambuliwi na bodi ya kazi yenyewe. Unesi lazima Nursing Council iwe imekiidhinisha chuo hicho kwa kozi hiyo. Klinikal ofisa wana baraza lao, maabara wana bodi yao, famasi wana Pharmacy and Poisons Board, injinia wa digrii ni Engineers Board. Bila hizo mtoto atamaliza, atapiga picha na joho, na hatapewa leseni ya kufanya kazi. Piga simu bodi, uliza kwa jina la chuo na jina la kozi, andika tarehe na jina la aliyekujibu.

Na yule ajenti anayekuja na skolashipu za ng'ambo akitaka "pesa ya kufungua faili" leo leo, mwambie arudi baada ya Maulidi.

Dini: maswali ya kuuliza kwa jina lake

Sasa hapa nataka nikae kidogo. Wazazi wengi swali lao la dini huwa ni moja tu, kuna msikiti? Wanaambiwa upo, wanatosheka. Msikiti upo nje ya geti, sawa, lakini ratiba ya ijumaa imewekwa lekcha saa sita hadi saa nane, sasa msikiti unamfaa nini?

Uliza ratiba, usiulize msikiti. Omba kuona ratiba ya muhula wa sasa wa kozi hiyo, angalia ijumaa mchana. Uliza mitihani ikiangukia ramadhani inaanza saa ngapi, na kama mtihani ukiingia siku ya Idi wanafanyaje, manake mwezi hauonekani kwa kalenda ya chuo. Ndugu zetu Waadventista wa Mpeketoni wao wana sabato yao ya jumamosi, ni swali lile lile, mtihani wa jumamosi unahamishwa au la, na kwao yunivasiti ya Baraton iliyo Nandi ni ya kanisa lao kwa hivyo hilo haliko kabisa.

Uliza hosteli. Wasichana peke yao jengo zima au ghorofa tu? Geti linafungwa saa ngapi? Jiko la chuo nyama inatoka wapi na nani anapika? Kama hakuna la kueleweka, je kuna chumba cha kujipikia au nje kuna vyumba vya kupanga karibu na mtaa wa watu wetu, Kilifi na Mombasa hilo si tatizo, ukienda bara uliza zaidi.

Uliza mavazi ya kazi, si ya darasa. Darasani hijabu watu hawana neno, shida huja wodini, karakana, maabara, ambapo kuna sheria za usalama na usafi, mikono wazi hadi kiwiko, nguo isiyoning'inia karibu na mashine. Mara nyingi kuna namna, hijabu fupi ya kubana, mikono ya kuvaa na kutoa, lakini umuulize mkuu wa idara mwenyewe, na umuulize dada aliyeko mwaka wa pili anavaa nini akiwa wodini. Katiba Kifungu cha 32 kinasema mtu hawezi kukataliwa kuingia taasisi kwa sababu ya imani yake, ni vizuri kukijua, ila mi napenda kujua mapema kuliko kupigana kesi mtoto akiwa amefukuzwa darasani.

Halafu kozi zenyewe. Hoteli na utalii ndio kazi za huku kwetu, Malindi na Watamu na Shela, lakini ndani ya kozi ya hoteli kuna somo la vinywaji, mwanafunzi anafundishwa mvinyo na kuuhudumia, na jikoni kuna nguruwe. Wengine wanachukua front office au housekeeping wakaepuka mengi ya hayo, wengine wanachagua keki na mikate. Uliza idara, hilo somo ni lazima kwa wote au kuna chaguo? Unesi kuna kumuuguza mwanamume kama wewe ni mwanamke, wanazuoni wana maneno yao juu ya dharura ya tiba, kaeni na shehe wenu mlimalize nyumbani ili mtoto asibebe mzigo huo peke yake usiku wa zamu. Benki na fainansi kuna ya riba, ingawa siku hizi kuna benki za kisharia na zinataka wasomi.

Na yule anayetaka dini ndio iwe kazi yake. Chuo cha dini cha Riyadha kipo hapa hapa, cha Habib Swaleh, watu wanatoka mbali kuja kusoma kwetu na sisi tunatafuta mbali, haya. Kwa digrii kuna Umma University Kajiado, kuna Islamic University in Uganda kule Mbale tangu 1988, kuna Zanzibar University Tunguu. Lakini jueni cheti cha thanawi, sekondari ya madrasa, peke yake hakiingii KUCCPS, wao wanaangalia KCSE tu, kwa hivyo msimwachishe mtoto fom foo kwa hesabu ya kuwa thanawi itamtosha kila mahali. Na digrii ya nje lazima ije itambuliwe na CUE, uliza kabla ya kukata tiketi kama chuo hicho wanakitambua. Wakatoliki wa Malindi wana yunivasiti ya kanisa lao, CUEA, Nairobi, maswali ya hosteli na ratiba ni yale yale.

Ushauri wangu, mtu mmoja ambaye umtafute kwa kila chuo ni kiongozi wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu, au wa kikundi cha kanisa lako. Kampasi nyingi wako. Huyo atakwambia ukweli wa chuo kuliko ofisi ya udahili, na mtoto akifika ana mtu wa kumpokea stejini.

Mtoto anayesoma tofauti

Hili tunalificha sana. Mtoto anasoma mstari na kurukia mstari, anaandika herufi kinyume, au anajua kila kitu kwa mdomo na akipewa karatasi anapotea, tunasema mvivu, au kapigwa jicho. Dua tuombe lakini tupime pia. Kila kaunti ina kituo cha EARC chini ya wizara ya elimu, kinapima mahitaji ya kusoma, anzia ofisi ya elimu ya kaunti wakuelekeze. Kituo kikubwa cha upimaji kiko KISE, taasisi ya elimu maalum, Kasarani Nairobi. Ukipata ripoti iandikwe, usirudi na maneno matupu, manake karatasi hiyo ndiyo utakayoiweka mezani kwa dean, mkuu wa mambo ya wanafunzi kolej. Shuleni KNEC, baraza la mitihani, walikuwa wanaweza kumpa muda wa ziada, maandishi makubwa au breli, lakini mpango huo haumfuati mtoto wenyewe akienda chuo, ni wewe uombe upya.

Kama ni ulemavu wa kuona, kusikia au viungo, msajili NCPWD, baraza la taifa la watu wenye ulemavu, unaanza na hospitali ya serikali inayofanya tathmini. Kwenye fomu ya KUCCPS kuna mahali pa kusema mtoto ana ulemavu, jaza, usione haya, kwa sababu hao huangaliwa kwa namna ya kipekee katika kupangiwa kozi. Kuna vyuo vya ufundi vilivyojengwa kwa ajili yao, Karen kwa viziwi, Machakos kwa vipofu, Sikri kule Oyugis kwa wote wawili. Kwa yunivasiti, Kenyatta na Maseno wana uzoefu wa miaka. Ni mbali na Lamu, ndio, mzazi anaogopa. Lakini mtoto kiziwi kukaa karibu na nyumbani bila mkalimani wa lugha ya ishara ni sawa na kumlipia karo aende akaangalie midomo ya watu.

Na wale wasio na ripoti yoyote ila unawajua tu hawakai na kitabu, waangalie kozi za CBET kwenye vyuo vya ufundi, zile za kupimwa kwa umahiri, mtoto anafanya kazi mbele ya mpimaji badala ya kungoja karatasi moja ya mwisho. Uliza pia darasa lina watu wangapi. Mwaka wa kwanza wa digrii masomo ya pamoja huwa ni halaiki, mtoto mwenye haya anaweza kumaliza muhula bila lekchara kumjua jina. Kampasi ndogo ya TUM hapa Lamu au kolej ya ufundi inaweza kumfaa mtoto kama huyo miaka miwili ya kwanza, hata kama gredi zinaruhusu aende kwa wakubwa.

Maswali ya kupeleka chuoni: kuna ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalum na nani yuko ndani? Ukumbi wa lekcha uko ghorofa ya ngapi, lifti inafanya kazi leo? Noti zinawekwa onlaini? Ruhusa ya kurekodi lekcha kwa simu? Akitaka muda wa ziada kwenye mtihani anaomba kwa nani na kabla ya wiki ngapi? Wakikujibu "tutaangalia akifika" andika kwenye daftari, hilo nalo ni jibu.

Pesa

Usihesabu karo tu. Nauli ya Lamu kwenda na kurudi kila likizo, boti juu yake, hosteli, chakula, sare na vifaa, leptopu, na atachimenti, hii watu huisahau, miezi mitatu mtoto yuko Mombasa au Malindi anafanya kazi bila mshahara na anakula. Basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, zote ombeni, fomu zitolewe mapema na mtoto awe na kitambulisho, hiyo ya kitambulisho kwetu inaweza kuchukua muda kwa hivyo anza akifika kumi na nane siku hiyo hiyo.

HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya masomo, inakopesha wa yunivasiti na wa vyuo vya ufundi (TVET) pia, na ina riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kuna mashehe wanaokataa kabisa, kuna wanaoangalia dharura, mi si mufti, ila mlimalize kabla ya barua ya kuingia kuja, na muwaulize HELB wenyewe kama wana utaratibu wa kisharia kwa sasa. Familia zinazokataa basi zikae mapema na ukoo, wengine hapa wamesomesha watoto kwa mchango wa kila mwezi wa watu kumi na inawezekana.

Nenda ukaone

Si siku ya maonyesho, siku ya kazi ya kawaida. Basi la Mombasa linapita Malindi na Kilifi kwa hivyo safari moja unaona vyuo kadhaa. Nenda na mtoto, mwache aulize yeye, wewe kaa nyuma. Angalia vyoo, angalia karakana kama mashine zina mafuta na ziko mikononi mwa wanafunzi au zimefunikwa na vumbi, maktaba ina watu? Jioni tembea kutoka geti hadi hosteli kwa miguu. Mtafute mtoto wa Pate, Faza au Mpeketoni aliyeko mwaka wa pili umnunulie chai, umwulize swali moja, ungekuwa wewe mdogo wako ungemleta hapa? Usiyeweza kusafiri, mpigie simu huyo huyo kwa video akuonyeshe.

Kujaza KUCCPS

Mtoto anaingia kwa namba ya index ya KCSE, mwaka, na namba ya cheti cha kuzaliwa au index ya KCPE, mtihani wa darasa la nane. Kila kozi ina masomo manne ya klasta, yaani yale yanayohesabiwa kwa kozi hiyo, na pointi za juu kabisa ni 48, linganisha za mtoto na katofu, pointi za chini zilizoingia kozi hiyo, ya mwaka uliopita, ila katofu inapanda na kushuka, si ahadi. Kwa digrii nafasi ni 1a, 1b, 1c, kisha 2, 3, 4. Zile 1a hadi 1c ziwe kozi ile anayoitaka kwenye vyuo vitatu vilivyopita maswali yako, ya 2 na 3 ziwe karibu nayo, ya 4 iwe ambayo kwa pointi zake ana nafasi nzuri na bado akiipata hatalia. Usijaze kozi ambayo hamwezi kuikubali, watu hujaza kujaribu bahati halafu ndio wanapewa hiyo hiyo. Mtoto abonyeze mwenyewe, nenosiri alijue yeye, si kaka wa saiba, na mpige skrinshoti kila ukurasa.

Akipangiwa vibaya kuna raundi za kurekebisha kwa walio kosa nafasi, na kuna dirisha la kuhama chuo, lina tarehe zake na halingoji mtu. Kama amefika na kozi si yake wiki za kwanza ndio wakati wa kusema, idara zikiwa bado zinapanga madarasa. Na barua mbili aende nazo mkononi siku ya kuripoti, moja ya mahitaji yake ya kusoma pamoja na ripoti, nyingine fupi tu ya ijumaa au jumamosi yake, zote kwa dean wa wanafunzi, na kila moja igongwe muhuri kwenye kopi anayobaki nayo.